Waliozungusha Farasi wa Pembeani

Lazaro Silwimba amekufa, na sasa nimebaki peke yangu. Walinipigia simu asubuhi kutoka Ndalambo, kijana mmoja mwenye maneno ya haraka haraka, akasema, "Bibi, babu ametutoka," halafu salio likamwishia. Nikavaa, nikapanda gari, magoti yakininung'unikia njia nzima. Pale msibani walinikalisha kwenye mkeka, wakanipa uji, na wajukuu wa marehemu wakaanza maswali. Eti ni kweli babu aliwahi kufanya kazi kwa mzungu mwenye farasi wa mbao? Eti kulikuwa na maboti huku kwetu milimani? Nikawaambia ni kweli. Wakatazamana, wakacheka, na yule mkubwa wao akasema bibi amechoka na safari, apewe mahali pa kulala. Nilikasirika! Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai, hata marehemu mume wangu aliishi na mimi kwa kuzikwepa. Lakini siku ile sikufoka. Niliwaambia wakae chini, nikawapa habari za mwaka mmoja tu. Ukoo wangu, nilizaliwa wapi na nilisoma mpaka wapi, hayo hayana faida hapa. Nilikuwa msichana niliyekwisha kuposwa, nilikuwa na nguvu, na nilikuwa napika Pembeani.

Ukipita leo utaona maduka mawili matatu, mashine ya kusaga na vijana wa bodaboda. Wanapaita Pembeani kwa sababu baba zao walipaita hivyo, na ukiwauliza pembea iko wapi wanakuangalia wewe. Miaka ile Mwingereza bado alikuwa anatutawala, vita vya Hitla vimekwisha juzi juzi, na barabara kuu ya kwenda Rodeshia ilikuwa ya vumbi tupu. Huko Rodeshia ndiko alikotokea Bwana mwenye Pembeani. Jina lake lilitushinda kulitamka, na kwa kuwa shingoni alining'iniza firimbi hata wakati wa kula, tukamwita Bwana Firimbi. Alivuka mpaka wa Tunduma na malori, na nyuma ya lori moja walikuwa farasi wa mbao wamelazwa miguu juu, wamepakwa rangi nyekundu na nyeupe, midomo wazi. Kwetu farasi hakuwa mnyama wa kuonekana. Watu walifuata lile lori kwa mguu mpaka Tunduma ikaisha, na mzee mmoja akauliza hawa ni punda gani wanaocheka wakati wamefungwa kamba.

Alichukua bonde lote la ule mto wetu unaoshuka kwenda kuungana na Momba. Alifyeka matete, akaweka pembea za minyororo kwenye mikuyu, akajenga ukumbi wa dansi wenye sakafu ya mbao, halafu akauziba mto. Watu walibeba mawe, magogo na udongo msimu mzima wa kiangazi, na nyuma ya ukuta ule maji yakajaa, likawa bwawa la kuendeshea maboti. Chini ya ukuta, kwenye kiwanja alichokisawazisha ukingoni, ndipo alipowasimamisha farasi wake, wamezunguka duara juu ya jukwaa, kila mmoja na mlingoti wake wa shaba. Jumapili walikuja wazungu wa mashamba ya kahawa ya Mbozi, maofisa wa Mbeya, na wasafiri wa kwenda Nairobi waliosikia habari zake njiani. Sisi tuliruhusiwa kuingia kama wafanyakazi tu. Kina mama waliolima vinyungu, zile bustani za bondeni, waliozoea kuchota maji mbele ya mlango, sasa walichota tope. Walipokwenda kulalamika, Bwana Firimbi aliwajibu kwa ile lugha yao ya migodini, na maana yake ilikuwa kwamba mto ni wake mpaka ukutani, ukipita ukuta ni wao, na kinachopita ndicho walichojaliwa.

Jiko letu lilikuwa la matofali, bati juu, moshi kila mahali. Lilijengwa mahali palipoinuka, na lilikuwa na milango miwili. Mlango wa mbele ulitazama ukumbini, huko ndiko vilikokwenda kuku wa kuchoma, viazi na keki. Mlango wa nyuma ulitazama mteremko mfupi wa kuelekea kwa farasi, hata maneno ya shimoni yalitufikia, na huko ndiko kilikokwenda chakula chetu: ugali wa ulezi, maharage, samaki wakavu walioletwa kwa baiskeli kutoka Kamsamba, na mvua zikianza, uyoga na kumbikumbi za kukaanga. Mkubwa wa jiko alikuwa Mama Efraimu, mama mzazi wa mchumba wangu. Jamani, hebu fikirini! Kwetu msichana aliyeposwa hali mbele ya mama mkwe, hamwangalii usoni, wala hapiti mbele yake ameshika chakula kinywani, na mimi nimewekwa naye chumba kimoja kutwa nzima. Tukapata njia yetu. Nilikula nyuma ya magunia ya unga, nimegeukia ukuta, naye akajifanya hajui kama kuna mtu. Lakini mdomo haukumtulia. Utamsikia anasema na sufuria, "Aliyeko huko nyuma, kama ameona chumvi imepungua, angetuokoa na aibu ya wazungu." Nami nikaisemesha karai, "Chumvi iko sawa, ila pilipili imezidi." Hivyo ndivyo tulivyopendana, yule mama na mimi, kwa kupitia vyombo.

Wale farasi walizunguka kwa nguvu za watu. Hili wageni hawakulijua. Mhudumu wa meza aliyejua Kiingereza alitusimulia kwamba Bwana Firimbi huwaambia wageni kuwa ni maji ya mto yanayozungusha, kuna gurudumu chini, ufundi wa Ulaya, na wageni hutikisa vichwa kwa kumsifu. Gurudumu lilikuwepo kweli, lakini lilikuwa na miti mitatu ya kusukuma, na kila mti ulikuwa na kifua cha mwanamume. Chini ya jukwaa palichimbwa shimo, likajengewa kwa mawe, na upande wa nyuma palikuwa na mlango mdogo wa kulala, unaufunua juu na kushuka kwa ngazi. Ndani mtu hawezi kusimama wima. Firimbi ikilia mara moja, wanasukuma. Ikilia mara mbili, wanakaza breki. Na masharti yalikuwa kwamba wasitoe sauti, wasiimbe, wasikohoe, wazungu wasije wakajua kama kuna watu chini ya watoto wao.

Efraimu Simfukwe alikuwa mmoja wa wale watatu. Mrefu, masikini, na ndiye aliyepata shida kuliko wote kwa kuinama. Wakitoka jioni alikuja kukaa kwenye kizingiti cha mlango wetu wa nyuma, akashika mwimo kwa mikono miwili, akafumba macho. "Tulia kwanza," alikuwa akiiambia dunia, "tulia, mama, nishuke." Mimi nilicheka kwa kujificha kwenye kanga, na mama yake akamsukumia maji ya kunywa. Alikuwa mtu wa subira, hakuwa msemaji, na kuimba hakujui kabisa, kanisani walimwomba afungue mdomo tu asitoe kitu. Nilimpenda. Nasema hivyo wazi kwa kuwa aliyenioa baadaye naye ameshalala, hatanuna. Alikwisha kujenga kuta za nyumba yetu, alibakiza kuezeka, na ndoa ilikuwa itangazwe kanisani baada ya Pasaka.

Sasa Lazaro. Lazaro Silwimba alikuwa mlinzi wa maboti na wa lile lango la kufungulia maji ukutani, na ukoo wa Silwimba na ukoo wa Simfukwe ni watani tangu enzi za mababu. Sijui kama utani wa siku hizi unatosha kuwaeleza. Mtani wako anaingia kwako anachukua kuku, unamwangalia. Anakuita mchawi mbele ya watu, unacheka. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye kosa, utatozwa. Ukifa, yeye ndiye anayekuchimbia kaburi, na analala ndani yake mpaka watu wako wampe kitu ndipo atoke. Na neno lake halina uzito, ndiyo sheria yenyewe. Lazaro alijua kwamba wale watu shimoni wamekatazwa kutoa sauti, basi mchezo wake mkubwa ukawa kuwachekesha. Ataacha maboti yake, atanyatia nyuma ya jukwaa, atafunua kile kimlango na kuingiza kichwa. "Simfukwe, toka, shangazi yako amemzaa nyani, anafanana na wewe." "Simfukwe, kuna mamba huko ndani, usimume." Juu watoto wa kizungu wanazunguka na kupunga mikono, chini wanaume wanasukuma na huku wameuma mashati yao wasipasuke kwa kicheko.

Siku moja alikuja jikoni analia, machozi kabisa, mikono kichwani. "Mama, mwanao ameanguka bwawani, tumemtafuta hatumwoni!" Mama Efraimu alipiga ukunga, akaangusha bakuli la mayai, akatoka mbio, na alipofika mteremkoni akamwona Efraimu amekaa kwenye jiwe anafunga kamba ya kiatu. Alimfukuza Lazaro na mwiko mpaka maboti. Akarudi anahema, amefura, akasema, "Mzaha mzaha hutumbua usaha, nimemwambia." Halafu akakaa juu ya gunia, akaanza kucheka mpaka akashika mbavu, na siku nzima, kila akikumbuka, anaanza upya. Mara nyingine Lazaro aliwaambia wale wa shimoni kwamba Bwana amewapa ruhusa, watoke wapumzike. Wakatoka. Bwana Firimbi akawakuta wamenyoosha migongo kwenye majani mbele ya wageni wake, na juma lile hawakupata posho. Tangu hapo wakaapizana: kwa neno la Silwimba, hakuna atakayetoka shimoni hata nyumba ya mama yake ikiungua.

Mvua za masika mwaka ule zilikuwa na hasira. Bwana Firimbi alitaka bwawa lijae kwa ajili ya mashindano ya maboti ya Pasaka, akaamuru lango lifungwe na ukuta uongezewe udongo juu. Lazaro alikuja jikoni kuota moto, na kwa mara ya kwanza nikamsikia anazungumza taratibu. Alisema upande wa chini wa ukuta kuna mahali panatoka maji, jana yalikuwa safi, leo yana rangi ya udongo. Alisema amemwambia Bwana, na Bwana amemjibu, "Hamba!" yaani ondoka. Mama Efraimu akamwambia, "Basi mtani, ukiona linapasuka, kaa mbele yake, kwa lile tumbo lako litaziba." Tukacheka. Yeye mwenyewe alicheka, nakumbuka, akaomba ukoko wa ugali, akala, akaenda zake. Sasa hivi, nikiwa nimekaa kwangu na miguu yangu ndani ya maji ya moto, najiuliza ni mtu gani angekuwa na akili ya kusimamisha kicheko kile pale. Hakuna. Tulikuwa tumelelewa hivyo, na nasema tena, lilikuwa malezi mema. Utani ulizuia watu wetu wasiuane. Hakuna aliyetufundisha siku ambayo unatakiwa uuweke chini.

Jumatatu ya Pasaka magari yalipanga mstari mpaka barabarani. Kwetu kulikuwa na jua, lakini kule juu mto unakotoka, mawingu yalikuwa meusi tangu alfajiri. Gramafoni ilikuwa inalia, wanawake wa kizungu wamevaa kofia, na farasi wamejaa watoto. Mimi na Mama Efraimu tulikuwa tunakanda unga wa mikate, mikono nyeupe mpaka kwenye viwiko. Nilimwona Lazaro kupitia mlango wa mbele, hana viatu, ana tope mpaka kifuani. Alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Firimbi, kati ya meza za wageni, akaonyesha mkono kule bwawani. Bwana alimshika bega, akamgeuza kama unavyomgeuza mtoto aliyeingia sebuleni uchi, akamwonyesha njia ya kwenda kuoga. Lazaro akazunguka jiko letu mbio, akateremka mpaka nyuma ya jukwaa, akafunua mlango.

"Tokeni! Simfukwe, tokeni wote, bwawa linapasuka!"

Kutoka chini kikaja kile kicheko chao cha kubanwa. Halafu sauti ya Efraimu, naijua, anasema polepole asisikike juu, "Silwimba, uongo umekuishia? Mamba amekwenda wapi leo?"

"Naapa kwa kaburi la mama yangu!"

"Mama yako tulimla sisi watani wako, kaburi umelipata wapi?"

Kicheko tena. Pale jikoni Mama Efraimu naye alikuwa anacheka, ameinamia unga, mabega yanamtikisika. "Huyu Silwimba akifa," akaiambia meza, "ulimi wake utazikwa kesho yake." Lazaro akapanda mteremko hadi mlangoni kwetu. "Mama," akasema, "mwite wewe mwanao. Mimi hanisikii." Mama Efraimu akajibu bila kuinua kichwa, "Nimwite, wakose posho tena? Nenda, mjinga wewe, unga wangu utaingia mate." Sasa mimi nilikuwa namtazama Lazaro. Mtu anayetania hukuangalia usoni, anataka kuona kama umecheka. Lazaro hakutuangalia. Alikuwa ameyatoa macho juu ya vichwa vyetu, kule kwenye ukuta wa bwawa.

Nilitoka na unga wangu mikononi. Nilimpita mama mkwe wangu kifua mbele, nikateremka, nikapiga magoti penye kile kimlango, nikamwita mchumba wangu kwa jina lake, kwa sauti, mama yake akisikia, jambo ambalo nilikuwa sijawahi kulifanya. "Efraimu! Toka, si utani!" Ndani palikuwa giza na harufu ya jasho na mafuta ya breki. Akaniita kwa jina langu, "Nambeye?" Kisha mwenzake mmoja akacheka, "He! Leo amemtuma shemeji!" Lakini Efraimu hakucheka. Nilisikia ameachia mti, nikaona mkono wake umeshika kipago cha chini cha ngazi, halafu uso wake, amenitazama, anataka kuniuliza. Na juu yetu firimbi ikalia mara moja. Watoto wengine walikuwa wameshapanda. Alisema, "Ngoja, tumalize mzunguko huu mmoja," akarudi kwenye giza, na mbao zikaanza kulia juu ya kichwa changu.

Sikusikia ngurumo yoyote. Nilisikia kitu kama magunia yanaporomoka kutoka kwenye lori, na Lazaro akanidaka kiunoni akaniburuta juu ya mteremko, uso wangu kwenye majani. Nilipogeuka, kiwanja hakikuwepo, yalikuwa maji mekundu yenye magogo na boti moja limesimama kichwa chini. Lile jukwaa lilisimama imara, Bwana Firimbi alilijenga vizuri. Maji yaliwafikia watoto magotini, wengine viunoni, wakakumbatia shingo za farasi, wakapiga kelele, na baba zao wakaingia na nguo zao za sikukuu, wakawatoa mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Hakufa mtoto. Mmoja alivunjika mkono. Namshukuru Mungu kwa hilo, nilimshukuru hata siku ile, nao walikuwa watoto tu. Lakini wakati wote ule farasi walikuwa wanaendelea kuzunguka. Hakuna aliyewasukuma. Sasa ni maji kweli yaliyokuwa yanawazungusha, na wazungu wakawatoa watoto, wakafurahi, wakawafunika mablanketi, na hakuna hata mmoja aliyetazama chini.

Lazaro alijitupa mara mbili tatu kukitafuta kile kimlango, na mto ukamtupa. Mama Efraimu alikuwa amesimama kando yangu, unga umemkauka mikononi. Hakulia. Aliniuliza, na ndiyo mara ya kwanza aliponitazama usoni, "Ametoka?" Maji yalipopungua jioni, wanaume wakashuka na kamba. Efraimu alikuwa kwenye ngazi, karibu kabisa na juu, amepitisha mkono kwenye kipago. Wenzake wawili walikuwa nyuma yake.

Ofisa mmoja alikuja kutoka Mbeya kuuliza habari, akakaa ukumbini kwenye sakafu ya dansi, na mkalimani kando yake. Bwana Firimbi alisema mto ulifurika, ni kazi ya Mungu, na hakuna aliyemwonya. Wakaitwa watu wa jikoni. Mama Efraimu akasema, "Tulionywa. Silwimba alituambia." Ofisa akauliza kwa nini basi watu hawakutoka. Mama akasema, "Ni mtani." Mkalimani alikuwa mtu wa pwani, akafikiri kidogo, akageuza maneno, na yule mhudumu wa meza alitueleza baadaye alivyoyageuza: kwamba siku ile palikuwa na mtu mmoja wa mzaha anapiga kelele za kipuuzi. Ofisa akaandika hivyo. Nilitaka kuruka nimkwaruze uso, mkalimani, ofisa, wote. Lakini ukitazama, ndivyo na sisi tulivyomtafsiri.

Bwana Firimbi alirudi Rodeshia kabla mvua nyingine hazijaanza, na hakuna aliyekuja kulijenga upya bwawa. Mto ukarudi upana wake, kina mama wakarudi kwenye vinyungu, na mahindi yaliyoota kwenye lile tope yalikuwa mazuri kuliko yote niliyowahi kuona, wala sikuweza kuyala. Ukumbi ukawa ghala, baadaye darasa, baadaye ukaanguka. Farasi walikaa kwenye matete miaka mingi, rangi inababuka, mpaka watu walipowazoea na kuwachanja kuni.

Kilichobaki ni maziko, na wale wajukuu wa Lazaro nilipofika hapa waliacha kucheka. Tulimzika Efraimu siku ya pili. Kaburi lilichimbwa na Lazaro, maana lilikuwa lake kulichimba, hakuna mwingine mwenye haki hiyo. Alichimba bila kunyanyua kichwa. Ulipofika wakati wa mtani kufanya kazi yake, akakataa. Akamwambia Mama Efraimu, "Mama, siwezi." Yule mama akamwambia, "Usimnyime mwanangu haki yake. Azikwe kama mbwa asiye na mtani?" Mwinjilisti alikuwa hapendi mambo haya, lakini akajitazamia upande mwingine. Lazaro akashuka kaburini, akajilaza, akakunja mikono kifuani.

Watu wakasogea. Wapo waliokuwa wameanza kutabasamu, maana walimjua, na msiba ulikuwa umewakaba siku mbili, walikuwa wanamngoja awafungulie. Wakamtupia senti, hakuzishika. Akaletwa jogoo, akaonyeshwa jogoo, hakumtazama. Mjomba wa marehemu akamwambia kwa sauti ya mchezo, "Toka basi, mtani, umeshiba, mwenye nyumba anataka kuingia!"

Lazaro akasema kutoka chini, "Mimi niliwaambia tokeni, mkakataa. Leo mnaniambia mimi nitoke?"

Watu wakaangua kicheko. Wakapiga makofi, wengine wakashikana mabega na huku machozi yanawatiririka, wakasema huyu ndiye mtani, jamani, huyu ndiye.

"Sitanii," Lazaro akasema. "Nilikuwa nasema kweli. Hata sasa nasema kweli." Wakazidi kucheka. Nilikuwa nimesimama upande wa kichwani na niliuona uso wake, na niliwachukia wote waliokuwa wamesimama pale, kila mmoja, ndugu zangu wa damu wakiwemo.

Mama Efraimu akapita katikati yao. Akapiga magoti kwenye udongo uliochimbuliwa, akainama mpaka kichwa chake kikaingia kaburini, akamwekea mkono juu ya mikono yake. "Nimekusikia, baba," akamwambia. "Nimekusikia. Sasa toka tumzike." Lazaro akainuka, akamshika yule mama mkono, na nyuma yetu watu walikuwa bado wanacheka.